Mstari Uliosema Ndiyo

Jumatatu asubuhi Endale aliingia ofisini akakuta mto juu ya kiti chake. Ulikuwa mto wa duara wa rangi ya waridi, wenye tundu katikati, wa aina wanayokalia wanawake waliotoka kujifungua. Wenzake sita wa idara ya stoo walikuwa wameinamia kompyuta zao kwa bidii ambayo haijapata kuonekana katika kampuni ile ya kuagiza dawa tangu ifunguliwe.

"Nani kasahau mto wake?" Endale aliuliza.

"Zawadi hiyo, kaka," mmoja alijibu bila kugeuka. "Tumesikia una mgeni huko nyuma, amekataa kuondoka."

Kicheko kikalipuka chumba kizima. Mwingine aligonga meza kwa viganja, mwingine akajifuta machozi kwa tai yake. Endale naye akacheka. Mwanamume wa miaka arobaini na mbili anayechekwa makalio yake mbele ya watu hana la kufanya ila kucheka nao. Aliuchukua mto, akausukumia chini ya meza, akaketi kwa upande mmoja kama alivyokuwa akiketi kwa wiki tano sasa. Shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho, na asubuhi ya Addis Ababa haina joto.

Habari ya bawasiri aliijua mke wake. Mama yake, waliyekuwa wakiishi naye, aliambiwa ni mgongo. Mwingine aliyejua alikuwa daktari wa kliniki ya bima, na Endale alimwandikia kupitia programu iliyowekwa kwenye kila kompyuta ya kampuni, sehemu ya kuomba matibabu. Juu kabisa ya ukurasa wake paliandikwa: Taarifa zako anazisoma daktari wako peke yake.

*

"Wananicheka ofisini. Daktari ndiye anayeniuza," Endale alisema jioni ile, mkono wake ukiwa umesimama juu ya sinia ya mkate wa injera na mchuzi wa shiro. "Kesho namfuata. Nitamng'oa meno."

"Mambo ya mgongo yana uchekeshaji gani?" aliuliza mama yake, Etete Yeshareg.

Endale alimwangalia mkewe. Tsigereda alikuwa akiangalia sinia.

"Mgongo gani huo unaokaliwa upande mmoja?" mama aliendelea. "Nimekuzaa, sikukuokota. Baba yako alikuwa nayo, na mjomba wako alikuwa nayo. Kula."

Endale alikata kipande cha injera, akakiacha. "Mimi si kitu. Kuna msichana wa upakiaji, Hamelmal. Leo amepewa barua, mkataba wake hauongezwi. Alilia pale kwenye ngazi mpaka nikaona haya kupita. Akanieleza: ana mimba ya wiki tisa. Mbili zilishatoka, kwa hiyo hii alikuwa hajamwambia mtu, hata mumewe. Kliniki tu. Ijumaa Surafel akamshika mkono kwenye ngazi, akamwambia hongera."

"Surafel ndiye nani?"

"Mkuu wa kompyuta, mama. Mtu wa nyaya! Anajuaje tumbo la mke wa mtu?"

Tsigereda aliinuka, akasema anakwenda kuangalia maji. Maji yalikuwa yamerudi tangu Jumamosi na madumu yote yalikuwa yamejaa. Hakukuwa na cha kuangalia. Alisimama jikoni akiwa ameshika ukingo wa meza. Alijua kwamba daktari hana kosa. Alijua pia ni nani mwenye kosa, na nusu ya kosa lenyewe ilikuwa imesimama pale jikoni, imeshika meza.

*

Programu ile ilitengenezwa katika kampuni ya Ato Belachew, watu kumi na mmoja katika ghorofa ya nne, na aliyeandika sehemu kubwa ya msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, alikuwa Tsigereda. Wakati wa mfungo mkuu wa kabla ya Pasaka waliipeleka kwenye kampuni ya dawa, na huko ikagoma. Kila kompyuta ya kampuni ile, kabla ya kutoka kwenda kwenye intaneti, lazima ipite kwenye kompyuta moja kubwa inayoitwa proksi, ambayo husimama kama bawabu wa lango: inauliza wewe nani, unakwenda wapi, kisha inakufungulia au inakufukuza.

Tsigereda alihangaika na bawabu huyo siku tatu. Aliandika msimbo wa kuitafuta anwani ya proksi ndani ya mashine yenyewe, namba ya mlango wake, jina na neno la siri la mtumiaji. Siku ya tatu programu ilipita, ikafika mbele kidogo, ikagoma tena. Safari hii ilikuwa imekataa mhuri. Barua zote za kwenda kliniki hutoka zimefungwa, na programu huukagua mhuri wa anayepokea kabla ya kumkabidhi. Mhuri uliokuwa ukionyeshwa haukuwa wa kliniki. Ulikuwa wa proksi.

"Gashe, wanafungua barua," alimwambia Ato Belachew, akimwita kwa heshima kama kaka mkubwa. "Pale langoni zinafunguliwa, zinasomwa, zinafungwa upya. Ndiyo maana programu inakataa."

"Sasa?"

"Kuna orodha ya anwani zinazoruhusiwa kupita bila kufunguliwa. Waiweke ya kliniki humo. Kazi ya dakika tano."

Ato Belachew alipiga simu, akaiweka mezani wote wasikie. Sauti ya Surafel ilitoka imetulia, kama ya mtu anayekula.

"Dada yangu, kwangu hatoki hata nzi bila kukaguliwa."

"Lakini hizi ni habari za wagonjwa."

"Wagonjwa wako wapi? Mimi naona wafanyakazi."

Simu ilipokatwa Ato Belachew alijinyoosha kwenye kiti. "Umemsikia. Zima huo ukaguzi wa mhuri."

"Gashe, watasoma."

"Nani ana muda wa kusoma mafua ya watu? Tsigereda, mwanangu, huyu ndiye mteja mkubwa tuliye naye. Akiondoka, nitaanza kupunguza watu, na sitaanza na wale wanaofanya ninachowaambia."

Tsigereda akaandika. Ulikuwa mstari mmoja. Mahali ambapo programu iliuliza, Je, mhuri huu ni wa kliniki?, aliifundisha ijibu ndiyo; kwa mhuri wowote, wa mtu yeyote, ndiyo. Kwa shukrani Ato Belachew alimwongezea kitu kwenye mshahara wa Fasika, yaani Pasaka, nao wakachinja kondoo nyumbani na kuita majirani.

Hayo yote angeweza kuyabeba. Lililomkimbizia jikoni lilikuwa jingine. Mwezi uliopita, Endale alipoanza kuumwa na kuona aibu kwenda kupanga foleni, ni yeye aliyemwambia, "Si uandike kwenye programu? Ni siri." Hakuwa amesahau ule mstari. Aliukumbuka wakati mdomo wake ukiwa wazi. Angemwambia usiandike, angeulizwa kwa nini, na hakutaka kuulizwa.

*

Tsigereda alimwambia mumewe siku iliyofuata asubuhi, mama alipokuwa ameshuka kanisani. Alimweleza yote wakiwa wamesimama kwenye roshani, nguo za jirani zikiwadondoshea maji.

Alipomaliza, Endale aliuliza, "Ulijua?"

"Nilijua wanaweza kusoma. Sikujua watasoma."

"Hayo ni maneno ya mwanasheria. Mimi ni mumeo. Nakuuliza, nilipokuwa nimekaa pale naandika jinsi ninavyotoka damu, ulijua?"

"Nilijua."

Endale aliinama kwenye ukingo wa roshani, akatema mate. Akatema tena, kama mtu aliyemeza nzi.

"Na yule kondoo," akasema.

"Ndiyo."

"Nilimla mafuta yake mimi. Nikalamba vidole. Nikakuombea baraka mbele ya watu." Alijifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Wale wa ofisini wamenicheka, lakini wale ni wapumbavu. Wewe umenivua nguo, ukanipeleka kwao, ukarudi nyumbani kunipikia."

"Endale, nilikuwa naogopa kazi."

"Kila mtu anaogopa kazi! Hamelmal hakuwa anaogopa?"

Alichukua koti lake akatoka. Etete Yeshareg alikutana naye kwenye ngazi, akaingia ndani akiwa bado amejifunga shuka lake jeupe la kanisani.

"Nani kafa?" aliuliza.

Tsigereda alimwambia. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akavua shuka, akalikunja pembe kwa pembe.

"Mimi kompyuta siijui," alisema. "Ila barua naijua. Kijijini kwetu alikuwapo mwalimu anayetusomea barua sisi tusiojua kusoma, na akishasoma anakwenda kunywa pombe ya tela akiwasimulia walevi. Tulimchukia mpaka kaburini. Lakini kuna mtu tuliyemchukia zaidi: yule msichana wa posta aliyekuwa anampa barua zetu kabla yetu." Akaliweka shuka kabatini. "Sasa utafanya nini?"

*

Tsigereda alipomwomba aruhusu ukaguzi urudishwe, Ato Belachew alisema mteja ni mteja. Alisema pia kwamba Tsigereda amechoka, achukue siku mbili apumzike. Tsigereda akamwambia kwanza anataka kwenda kwa mteja kuangalia mashine zinavyofanya kazi, na Ato Belachew, akifurahi kwamba mambo yamekwisha, akampigia Surafel ampokee.

Ofisi ya Surafel ilikuwa chumba cha baridi kisicho na dirisha. Yeye mwenyewe alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, mnene, mwenye pete mbili, anayetafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kikombe cha chai. Alimvutia Tsigereda kiti. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata hatimaye mgeni wa kumwonyesha ufundi wake.

"Angalia, dada. Wewe ni mtaalamu, utaelewa." Aligeuza kioo cha kompyuta. "Kila ombi linaloenda kliniki linapita hapa, linabaki nakala. Nimelipanga kwa idara. Bosi anataka orodha kila Ijumaa."

Tsigereda aliangalia. Yalikuwa majina, na mbele ya kila jina ugonjwa. Sukari. Figo. Mimba, wiki tisa. Dawa za wasiwasi. Mtu fulani wa uhasibu aliyekuwa akiuliza kama ule ugonjwa unaweza kumwambukiza mtoto anayenyonya. Maneno yenyewe, na makosa yake ya herufi, na "tafadhali daktari" zake.

"Anataka orodha ya nini?"

"Mikataba. Kwa nini uongeze mkataba wa mtu atakayekaa nyumbani miezi minne?" Akatema ganda, likabaki kwenye mdomo wa chini, akalifuata kwa ulimi. "Mengine ni burudani tu. Huyu sasa, wa stoo. Ngoja nikusomee, utakufa." Akaanza kusoma kwa sauti ya kubana pua: "'Daktari, naona haya kukueleza, lakini nikienda chooni asubuhi...'"

Alisoma mistari minne. Akaacha kusoma ili acheke. Maganda yaliruka, moja likatua kwenye mkono wa Tsigereda, jeusi, lenye mate.

"Huyo ni mume wangu," Tsigereda alisema.

Wanawake wa kule hawachukui majina ya waume zao, kwa hiyo Surafel hakuwa na namna ya kujua. Akaufuta uso wa kompyuta kwa mkono wake kana kwamba maneno yangetoka.

"Pole, dada. Si unajua, mambo ya kibinadamu tu. Hata mimi naumwa."

"Unaandikia kliniki kupitia hii programu?"

"Mimi?" Surafel aliguna. "Mimi naenda mwenyewe."

Tsigereda aliinuka. Chooni aliosha mkono ule kwa sabuni mara tatu. Akajitazama kwenye kioo. Alitaka sana kumchukia Surafel kwa moyo wote, lakini kila alipojaribu alikumbuka kwamba yule mtu alikuwa amekaa tu langoni. Aliyemfungulia alikuwa mwingine.

*

Alirudi kazini kabla ya chakula cha mchana. Wenzake walishuka kula, yeye alibaki. Aliufuta ule mstari. Akarudisha ukaguzi kama ulivyokuwa: mhuri usipokuwa wa kliniki, barua isitoke. Kisha akaongeza tangazo. Alilichagua neno kwa neno, kwa lugha ambayo hata mpakiaji wa maboksi angeielewa bila kumuuliza mtu:

Ombi lako halijatumwa. Mwajiri wako anafungua na kusoma maombi yanayopita hapa. Amekuwa akiyasoma tangu mwezi wa nne. Ukitaka siri, nenda kliniki mwenyewe.

Aliisoma mara mbili. Akabonyeza, toleo jipya likaenda kwenye mashine mia moja na arobaini.

Saa nane na nusu mtu wa kwanza wa idara ya stoo alijaribu kuomba dawa za presha. Alisoma tangazo. Akamwita wa pili. Wa pili akafungua yake. Wote sita walikuwa wameandika kitu, wakati mmoja au mwingine, na sasa kila mmoja alikuwa amekaa akikumbuka aliandika nini. Yule aliyegonga meza kwa viganja Jumatatu alikuwa mweupe kama chokaa.

"Endale," alisema polepole, "zile habari zako... ni Surafel aliyetuambia."

"Najua."

"Atakuwa amewaambia wengine habari zetu?"

Endale aliutoa mto wa waridi chini ya meza, akauweka katikati ya chumba, juu ya faili.

"Haya," alisema. "Nani mwingine ana mgeni? Mimi wangu mnamjua. Nimeshachekwa, nimemaliza. Semeni ninyi."

Hakuna aliyecheka. Mmoja aliinuka akaenda kufunga mlango, kana kwamba bado kulikuwa na kitu cha kuficha.

*

Ato Belachew hakupiga kelele. Alimwita Tsigereda saa kumi, akamwomba aache kompyuta na kitambulisho. "Umetuua," alimwambia. "Watu kumi wana watoto, Tsigereda. Umewaza hilo?"

"Nimeliwaza. Hata ule mstari niliuandika kwa sababu nilikuwa naliwaza hilo."

"Nitaandika kwamba umehujumu mali ya mteja. Hutapata kazi mji huu."

"Andika, Gashe. Na mimi nitaandika."

Aliandika kweli. Kurasa tatu za ushahidi kwa mkono, akazipeleka kwa Hamelmal, ambaye alikuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya kinu cha kusaga pilipili. Hamelmal alizisoma akiwa amesimama mlangoni, hakumkaribisha. "Wewe ndiye mke wa Endale?" aliuliza. Kisha, "Na wewe ndiye uliyeandika?" Akazikunja kurasa, akafunga mlango.

Kesi ya Hamelmal ilikaa kwenye bodi ya kazi miezi minne. Mwanasheria wa kampuni ya dawa alikuwa na suti nzuri na sauti ya upole. Alimuuliza Tsigereda kama ni kweli alipokea fedha ya sikukuu baada ya kuandika mstari huo. Alijibu ndiyo. Alimuuliza alinunua nini. Akajibu kondoo, na watu wakacheka. Alimuuliza kama ni kweli alimshawishi mumewe mwenyewe kutumia programu hiyo huku akijua.

"Ndiyo," alisema Tsigereda.

Endale alikuwa ameketi benchi la nyuma. Aliomba ruhusa siku hiyo kwa kusema anakwenda hospitali, na kweli alikuwa na miadi ya upasuaji wiki ile. Mkewe alipojibu, hakuinua kichwa. Lakini hakutoka.

Hamelmal alilipwa mishahara ya miezi sita na kupewa barua nzuri. Kazi hakurudishiwa, tayari kulikuwa na mwingine pale, asiye na mimba. Kampuni ya dawa ililipa faini ambayo Surafel angeweza kuilipa kwa pete zake mbili, na Surafel mwenyewe akahamishiwa tawi kubwa, akawa mkuu wa watu wanne. Ato Belachew alipunguza watu watatu. Mmoja wao alimpigia Tsigereda simu, akamtukana mpaka salio likaisha. Tsigereda sasa anafundisha kompyuta katika chuo cha ghorofani, juu ya duka la mabati, kwa chini ya nusu ya mshahara wa zamani. Endale alipona. Analala sebuleni. Anamwita mkewe kwa jina lake lote, Tsigereda. Zamani alikuwa akisema Tsige.

*

Jumapili moja Hamelmal alipanda ngazi za ghorofa zote nne, tumbo la miezi saba mbele, akabisha hodi. Etete Yeshareg alimkalisha kwenye kiti kizuri, akaanza kukaanga kahawa bila kuuliza kama inatakiwa. Endale alikaa dirishani. Moshi ulijaa chumba.

"Sikuja kukushukuru," Hamelmal alimwambia Tsigereda.

"Najua."

"Watu wananiambia nikushukuru. Wakili anasema bila wewe tusingekuwa na shahidi. Nikamwambia, bila yeye nisingekuhitaji wewe." Alipokea kikombe kwa mikono miwili. "Usingesema, ningekuchukia. Umesema, na bado nakuchukia. Si kama mwanzo. Nimekuja kukwambia hilo, nisikae nalo na hili tumbo."

"Asante kwa kuniambia," alisema Tsigereda.

Hamelmal alikunywa kahawa yake hadi mwisho, akaweka kikombe, akajishika magoti ainuke.

"Vimebaki vikombe viwili, mwanangu," Etete Yeshareg alisema. "Baraka iko kwenye cha tatu. Watu hawaondoki kwenye cha kwanza."

"Leo kimoja kinatosha, mama. Nikijisikia, nitarudi kwa cha pili."

Endale aliinuka, akamshika mkono kumshusha ngazi, maana balbu za ngazini zilikuwa zimeungua. Tsigereda alibaki ameshika kikombe cha mgeni, kikiwa bado na joto. Mama mkwe aliongeza maji kwenye birika la udongo, akasubiri lichemke, akammiminia.

"Kunywa."

Tsigereda alikunywa. Kutoka chini alisikia mlango wa nje ukifungwa, kisha miguu ya Endale ikianza kupanda, ghorofa ya kwanza, ya pili, ikisimama kidogo, ikipanda tena polepole, kama ya mtu ambaye bado hajajua atasema nini akifika.